Bingwa Asiyeshinda Hata Siku Moja

"Sasa huyo kashinda nini?"

Aliyeuliza ni fundi wangu wa baiskeli hapa Moshi, Julai 2017. Nilikuwa nimempelekea gurudumu la nyuma lililopinda, naye analinyoosha kwa kukaza spoku moja baada ya nyingine, analizungusha, analisikiliza kama mpiga gitaa anayetafuta sauti. Nikampa habari: Chris Froome, yule aliyezaliwa Nairobi, ametetea ubingwa wake wa Tour de France, zile mbio za baiskeli za Ufaransa. Akauliza amefika wa kwanza siku ngapi. Nikamwambia hakuna. Mashindano yana siku 21 za kukimbia, na Froome hakuvuka mstari mbele ya wenzake hata siku moja. Fundi akaliacha gurudumu lijizungukie. "Kijana, mimi mtu mzima. Usinichezee."

Siku ile sikuwa na jibu fupi. Na swali lenyewe halijafa. Limefufuka tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika. Watu wengi wa kwetu walimwona Tadej Pogačar wa Slovenia akiwaacha wenzake kwenye vilima vya Kigali na kutwaa taji la dunia kwa siku moja. Halafu wakasikia kwamba miezi miwili kabla ya hapo, mtu huyohuyo alitetea taji la Ufaransa kwa wiki tatu nzima. Hapo ndipo maneno yanapochanganyika: bingwa wa nini, jezi ya rangi gani, na kwa nini siku nyingine huyo bingwa unamwona yuko katikati ya kundi, kakaa zake, hana haraka na mtu.

Mbio za siku moja hazina mafumbo. Anayefika kwanza ndiye mshindi, mkaenda nyumbani. Mbio za hatua ni jambo jingine. Hatua ni kipande cha safari cha siku moja, chenye mwanzo wake, mwisho wake na mshindi wake. Muda anaoutumia kila mwendeshaji katika hatua unaandikwa, unajumlishwa na wa jana na wa juzi, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano siku inayofuata. Hatua ya 21 ikiisha, aliye na jumla ndogo ndiye bingwa. Hakuna kura, wala kuhesabu nani kashinda siku nyingi.

Kwa hiyo weka pembeni picha ya wakimbiaji wanaokimbilia utepe. Fikiria daftari la Mangi, lile la mkopo dukani. Kila mtu ana ukurasa wake. Leo umechelewa sekunde 10, unaandikiwa 10. Kesho umechelewa 4, zinaongezwa. Mwisho wa mwezi Mangi haulizi nani alinunua kwa mbwembwe siku ya Jumanne, anaangalia jumla. Froome mwaka 2017 alimaliza kwa saa 86, dakika 20 na sekunde 55. Rigoberto Urán wa Kolombia alikuwa wa pili kwa sekunde 54. Kilomita kama 3,500, wiki tatu, na tofauti haifiki dakika. Na hiyo si ndogo kuliko zote: mwaka 1989 Greg LeMond wa Marekani alimshinda Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 8.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo ukiikosa huelewi kitu. Watu wakivuka mstari wakiwa kundi moja, wote wanaandikiwa muda mmoja. Anayefika wa 1 na anayefika wa 90 kwenye kundi hilo wanapewa saa ileile, isipokuwa watatu wa kwanza wanapunguziwa sekunde 10, 6 na 4 kama zawadi. Ndiyo maana siku za tambarare bingwa hahangaiki. Wenye miguu ya kasi wanagombea mstari wao, yeye anaingia wa 30 akiwa salama, na daftari halijabadilika. Mtazamaji anasema "leo kazembea". Hakuzembea. Leo hapakuwa na cha kununua.

Mbona basi milima ndiyo inayozungumzwa kila mwaka? Jibu ni upepo.

Kwenye tambarare, kundi likienda kilomita 45 kwa saa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu inaishia kusukuma hewa. Aliyeendesha baiskeli barabara ya Arusha anajua: lori likikupita na ukajibana nyuma yake, ghafla miguu inakuwa myepesi kana kwamba mtu amekushika kiti na kukusukuma. (Usifanye. Dereva akikanyaga breki hutasimulia.) Ndani ya kundi ni hivyohivyo. Aliyejificha nyuma ya mwenzake anaokoa kama theluthi ya nguvu zake, pengine zaidi. Kwa hiyo mtu wa kawaida aliyejificha vizuri anaweza kufika pamoja na mtu hodari anayekula upepo mbele. Tambarare huwafanya watu walingane.

Mlima unaifuta hisani hiyo. Mwendo ukishuka hadi kilomita 20 kwa saa au chini, upepo haukusumbui sana, wala mgongo wa mwenzako haukukingi sana. Sasa adui ni uzito. Wanaoteremsha mikungu ya ndizi kutoka Kibosho kwa baiskeli wanalijua somo hili kwa mapaja yao: kuteremka ni breki na roho mkononi, kupanda ni kushuka na kusukuma. Kila kilo unayoipandisha unailipia. Mwendeshaji mkubwa mwenye misuli ya kutisha, anayewaonea wenzake kwenye tambarare, mlimani anaburuza kilo 80 huku mwembamba wa kilo 60 anampita anapumua kwa pua.

Na ni milima kweli. Alpe d'Huez, maarufu kuliko yote, ina kilomita 13.8 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1. Yaani kila ukienda mita 100, umepanda mita 8. Ukifika juu umepanda zaidi ya mita 1,100. Kama ngazi za jengo la ghorofa 350, na hiyo mara nyingi ni baada ya kupanda milima mingine miwili mchana huohuo. Barabara kama hiyo inawachambua watu mmoja mmoja. Hakuna tena kundi la watu 90 wenye muda mmoja. Huyu kaachwa sekunde 20, yule dakika 2, wengine nusu saa nzima. Ukurasa wa daftari unaojazwa kwa alasiri moja ya mlimani unaweza kuzidi wiki mbili za tambarare.

Tukija kwa mwenye taji. Kosa la kwanza la watazamaji ni kudhani kwamba bingwa mtetezi anaanza mbele, kama anayelinda mkanda wa ngumi ambaye akitoka sare anabaki nao. Hapana. Asubuhi ya siku ya kwanza kila mtu ana sifuri. Ubingwa wa mwaka jana haumpi hata sekunde moja. Unachompa ni macho: watu zaidi ya 170 wanaomwangalia yeye tu, wanaojua akipanda vipi na akichoka anakaaje. Kutetea ni kwanza kuupata uongozi upya, kisha kuukalia.

Na akishaupata, kazi inageuka. Wanaomfuata ndio wenye shida sasa. Wao ndio wanaotakiwa kuchomoka, wao ndio wanaotakiwa kumwacha. Yeye anatakiwa tu asiachwe. Akibaki nyuma ya gurudumu la mpinzani wake hadi juu, siku imeisha na deni la mpinzani liko palepale. Ndiyo maana Froome na timu yake ya Sky walikuwa wakionekana wanachosha kutazama: watu watano wenye jezi moja mbele ya kundi, mstari mmoja, mwendo mmoja mkali usiopanda wala kushuka, hadi anayetaka kuchomoka anajiuliza kama ana mapafu ya kutosha. Watu waliita treni. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga miayo. Lakini treni ile ilikuwa ndiyo utetezi wenyewe.

Hao wanne wa mbele ni akina nani? Ni wasaidizi. Neno hilo linawaudhi wengi: mtu anafanya mazoezi mwaka mzima ili akambebee mwenzake chupa za maji? Ndiyo, na ni kazi yenye heshima na mshahara. Msaidizi anakula upepo, analeta chakula, anampa kiongozi baiskeli yake ikibidi, na akimaliza nguvu anajitoa pembeni na kuingia taratibu dakika 25 baadaye. Mshindi wa Tour hupewa euro 500,000, na desturi ni kwamba hazikai mfukoni mwake, anawagawia wenzake. Anayesema baiskeli ni mchezo wa mtu mmoja hajaangalia siku moja ya mlimani mwanzo hadi mwisho.

Nikichagua siku moja tu ya kumwonyesha fundi, ningechagua hatua ya 15 ya mwaka 2017, kwenda Le Puy-en-Velay. Froome alikuwa na njano kwa sekunde 18 tu. Siku chache kabla, kwenye mwinuko mkali wa mwisho pale Peyragudes, miguu ilimkataa na jezi ikaenda kwa Fabio Aru wa Italia. Froome akaja kuirudisha huko Rodez. Sasa ilikuwa nyumbani kwa Romain Bardet, Mfaransa aliyekulia maeneo yaleyale, na timu ya Bardet ilikuwa imeamua kuwasha moto. Kabla ya mlima wa Peyra Taillade, wakati kundi limeshika kasi, gurudumu la nyuma la Froome likaharibika. Spoku.

Gari la timu liko mbali nyuma, kwenye foleni ya magari mengine. Msaidizi wake Michał Kwiatkowski, Mpoland ambaye amewahi kuwa bingwa wa dunia, akasimama, akachomoa gurudumu lake mwenyewe na kumpa. Akabaki kando ya barabara na baiskeli isiyo na mguu wa nyuma. Froome akaondoka akiwa nyuma kwa zaidi ya sekunde 40, yaani kwa wakati ule hakuwa bingwa tena. Jezi ilikuwa mgongoni mwake lakini daftari lilishamtoa. Akapanda Peyra Taillade akiwavuka walioachwa mmoja baada ya mwingine, wasaidizi waliokuwa njiani wakimvuta kila mmoja kipande chake. Mikel Landa, Mhispania wa timu yake aliyekuwa mbele na wapinzani na ambaye naye angeweza kujitafutia makuu, akaambiwa angoje. Akangoja, akamvuta hadi wakawafikia.

Mshindi wa siku hiyo alikuwa Bauke Mollema, aliyechomoka mapema na hakuwa tishio kwa yeyote. Froome na wapinzani wake wakubwa waliingia pamoja, muda mmoja. Ukisoma matokeo ya siku ile kwenye gazeti, hakuna kilichotokea.

Landa mwenyewe alimaliza mbio hizo wa nne. Nafasi ya tatu aliikosa kwa sekunde 1.

Yapo mambo mawili watu huyakosea kuhusu milima. La kwanza ni kudhani kwamba ni kupanda tu. Mwaka 2016, alipokuwa akitetea taji kwa mara ya pili (ya kwanza, 2014, alianguka mara kadhaa akajitoa wiki ya kwanza), Froome aliichukua njano kwa kuteremka. Walifika juu ya Peyresourde pamoja, yeye akajirusha chini kabla wenzake hawajatulia, kakaa juu ya bomba la fremu, kifua kwenye usukani, huku bado anakanyaga pedeli. Akafika Luchon na sekunde 13 mkononi, pamoja na zile 10 za zawadi. Mwaka ule alikuwa wa kwanza kutetea Tour kwa mafanikio tangu Miguel Induráin mwaka 1995. Lance Armstrong hahesabiwi, mataji yake yote 7 yalifutwa kwa sababu ya dawa.

La pili ni kudhani mlima unakuhukumu kwa misuli peke yake. Unakuhukumu kwa tumbo pia. Mwaka 2013, kwenye Alpe d'Huez hiyohiyo, Froome aliishiwa sukari mwilini, ile njaa inayokata miguu ghafla kama umeme ulivyokatika. Msaidizi wake Richie Porte akarudi kwenye gari kumletea chakula katika kilomita za mwisho, ambako sheria inakataza. Wote wawili wakaadhibiwa sekunde 20. Watu wakasema kafanya ujinga. Kumbe ilikuwa hesabu: 20 za adhabu, au dakika kadhaa za kutambaa. Mtu wa daftari anajua lipi ni deni dogo.

Na kuna utetezi unaoshindwa. Julai 2022 Pogačar alikuwa anatafuta la tatu mfululizo, ana njano, ana umri wa miaka 23, anacheka na kamera. Hatua ya 11 ilipita Galibier, mita 2,642 juu ya bahari, na kuishia juu ya Granon. Wapinzani wake wa timu ya Jumbo walikuwa wawili, Primož Roglič na Jonas Vingegaard, naye wasaidizi wake walishapungua. Wakamfanyia mchezo ambao watoto wanaujua: mmoja anakimbia, unamkimbiza, ukimshika, mwingine anakimbia upande wa pili. Alijibu kila shambulio yeye mwenyewe, kwa kiburi cha ujana, ninavyoona mimi. Kilomita chache kabla ya kilele cha Granon, Vingegaard akaondoka na Pogačar hakuwa na kitu tena. Jezi imefunguliwa zipu, anayumba. Alipoteza dakika 2 na sekunde 51 kwenye mlima mmoja. Mwisho wa Tour tofauti yao ilikuwa dakika 2 na sekunde 43. Yaani ukiondoa alasiri ile, walikuwa sawa.

Ukilinganisha na alivyotetea mwaka 2025 utaona mtu aliyejifunza. Hakungoja ashambuliwe. Mlima mkubwa wa kwanza, Hautacam, akamwacha Vingegaard dakika 2 na sekunde 10. Kesho yake akashinda tena kwenye mbio za kukimbizana na saa kupanda Peyragudes, kila mtu akiondoka peke yake. Baada ya hapo alikuwa na mtaji wa kutosha, wiki ya mwisho akakaa nyuma ya gurudumu la Vingegaard akisubiri Paris. Akashinda kwa dakika 4 na sekunde 24, akiwa ameshinda hatua 4. Froome wa 2017 alitetea kwa kubana matumizi. Pogačar alitetea kwa kutajirika mapema. Jezi ni ileile.

Kuhusu jezi nyingine, kwa ufupi. Ya kijani ni ya pointi, wanayogombea wenye kasi. Biniam Girmay wa Eritrea aliitwaa 2024 baada ya kushinda hatua 3, naye kwenye jumla ya muda hakuwa karibu na njano, wala hakuitafuta. Yenye madoa mekundu ni ya pointi za vilele vya milima, na si lazima aivae mpandaji bora kuliko wote: mara nyingi anaichukua mtu aliyeachwa sana kwenye muda, ambaye wakubwa hawamkimbizi akichomoka. Nyeupe ni ya vijana. Kwa hiyo mtu wa kijani akishinda leo na wa njano akafika wa 40, hakuna aliyempiga mwenzake. Kila mmoja alikuwa kwenye duka lake.

Jirani zetu Rwanda wanalijua gumu la kutetea. Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009, na hadi 2025 hakuna bingwa aliyeitwaa miaka miwili mfululizo. Valens Ndayisenga alishinda 2014 na 2016. Natnael Tesfazion wa Eritrea, 2020 na 2022. Kila mmoja aliachia katikati. Ni mbio za kama siku 8, kilima juu ya kilima, na timu ni ndogo. Ukipata mchana mmoja mbaya hakuna wiki mbili za kulipia deni.

Nilirudi kwa fundi na maelezo haya yote, safari hii na simu yenye video. Nikamwonyesha Marseille, hatua ya 20 ya 2017, siku ya kila mtu na saa yake: Bardet alianza akiwa nyuma ya Froome kwa sekunde 23, Urán kwa 29. Jioni Urán alikuwa nyuma kwa 54, na Bardet kwa dakika 2 na sekunde 20. Siku ile pia Froome hakushinda. Alishinda Mpoland mwingine, Maciej Bodnar. Fundi akaitikia kichwa, hesabu za daftari hazimpi shida. Nikamwonyesha na Le Puy, Kwiatkowski akichomoa gurudumu.

"Simamisha hapo," akasema. Akaisogeza simu karibu na macho. "Spoku moja tu?"

"Ndivyo walivyosema, mzee."

Akakaa kimya. Kisha akalitoa gurudumu langu ukutani, lile alilokuwa ameshanifungia na kuniambia liko tayari, akalirudisha kwenye uma, akachukua spana.